Kanga katika Sheria ya Tembo

Mzazi wa Tabora anayetaka kumpeleka mwanawe porini kuwinda kanga, kwale au sungura bila kuvunja sheria hana mahali pengi pa kwenda. Palipo na kibali pana sharti la bunduki, na bunduki haishikwi na mtoto. Pasipo na kibali pana askari. Katikati ya hayo mawili kuna mashamba, mbuga na vichaka vya vijijini ambako watoto huwinda kwa manati na mitego bila kumuuliza mtu. Kwa maandishi ya sheria, hao nao ni majangili, ingawa sijui hakimu gani angependa kuletewa kesi ya namna hiyo asubuhi.

Hali hii inashangaza ukikumbuka tunazungumzia mkoa gani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, na kutoka hapo hadi Ujiji, ilitembewa na wapagazi ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Vijijini walinunua nafaka kwa shanga na vitambaa. Lakini kati ya kijiji na kijiji palikuwa na mapori ya mwendo wa siku kadhaa, na humo kitoweo kililetwa na aliyejua kuwinda. Septemba 1871 msafiri Stanley, akimtafuta Livingstone, alipotoka Kwihara na kuzunguka kusini ili kukwepa vita vya mtemi Mirambo, alipiga kambi kando ya kijito cha Gombe, mahali palipojaa wanyama kiasi kwamba msafara ulisimama siku kadhaa watu wakiwinda na kula. Alipotoa amri ya kuondoka, watu wake waligoma, wakataka siku moja zaidi, na ugomvi ukafika hadi watu kuelekezeana bunduki. Wasomaji wengi wa safari ile hukimbilia sehemu ya Ujiji, wawili hao walipokutana na kuvuliana kofia. Mimi huona kisa cha Gombe kinaeleza zaidi nchi hii ilivyokuwa na watu wake walithamini nini.

Kwa wenyeji, uwindaji ulikuwa elimu yenye walimu. Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma walikuwa na vyama vya wawindaji, kila kimoja na dawa zake, nyimbo zake na utaratibu wake wa kumpokea mwanafunzi. Bayege walikuwa watu wa tembo. Bayeye walikuwa watu wa nyoka. Na walikuwapo banunguli, wawindaji wa nungunungu, waliomfuata mnyama huyo hadi ndani ya shimo lake kwa sababu anafukua mazao usiku. Hao wa mwisho ndio wanaonivutia kwa mada hii. Nungunungu hana pembe ya kumuuzia Mwarabu wala Mhindi, hana ngozi ya kumtandikia mtemi, lakini alikuwa na chama chake chenye heshima. Jino la tembo na ngozi ya simba vilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa mtemi. Sungura aliyenaswa na mchunga mbuzi alikwenda moja kwa moja chunguni. Kusini, upande wa Sikonge kuelekea Rungwa, Wakimbu waliishi kwa kuchanganya kilimo, uwindaji na asali, na kijana alijifunza vyote kwa kumfuata mkubwa wake nyuma, kimya.

Sheria ya kwanza ya kuandikwa ilikuja na Wajerumani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa agizo lililomtaka mwindaji awe na leseni na lililotenga maeneo ya hifadhi. Waingereza wakafuata na sheria zao za 1921 na 1951. Tanzania huru ikatunga Sheria Na. 12 ya 1974, na inayotumika leo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, ambayo chini yake wanyamapori wote ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Ukizipitia kwa mfuatano unaona hofu ni ile ile: meno ya tembo, pembe za faru, ngozi za chui, bunduki kubwa na masoko ya mbali. Kanga ameingia humo kwa sababu naye si wa kufugwa.

Hofu hiyo ina msingi. Sensa zilihesabu tembo wapatao 109,000 nchini mwaka 2009. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Hakuna serikali ingekaa kimya. Mwishoni mwa 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, ikasitishwa baada ya malalamiko ya watu kuteswa na mali zao kuharibiwa, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Kilichobaki baada ya hapo ni sheria kali na askari waliozoea vita. Mahakamani neno ni moja, nyara za Serikali, na nyama ni nyara sawa na jino. Adhabu hupimwa kwa thamani ya mnyama, kwa hiyo aliyekutwa na nyama ya nyati anaweza kwenda jela miaka 20, wakati wa sungura hatafika huko. Lakini mlango wa kuingilia ni ule ule: kukamatwa, maelezo polisi, mdhamini, nauli za kwenda na kurudi wilayani. Kwa mkulima wa Kaliua hiyo tayari ni adhabu.

Nayo ardhi yenyewe ina historia yake. Mgeni anayepita kwa gari kutoka Tabora kwenda Mpanda huona miombo isiyoisha na kudhani haijawahi kukaliwa. Sehemu kubwa ya pori lile ilikuwa na vijiji. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale yanayoenezwa na mbung'o, iliwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Mashamba ya zamani yakarudi kuwa pori, mbung'o wakabaki na wanyama, na baadaye maeneo ya namna hiyo yakawa rahisi kuchorewa mipaka ya hifadhi kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumhamisha. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikaongeza juu yake. Hivyo pale babu alipotegea kwale panaweza kuwa leo ndani ya mpaka, na mjukuu akivuka kigingi anahesabiwa amevamia.

Tuanze basi na mipaka hiyo. Ugalla, jina ambalo kila mwindaji wa magharibi analitaja kwanza, lilikuwa pori la akiba kwa miongo mingi, na warina asali na wavuvi waliingia kwa vibali vya msimu. Mwaka 2019 likapandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, wala kwa leseni. Kwa familia, Ugalla sasa ni mahali pa kutazama viboko na ndege wa majini, na hilo si dogo, lakini si tunalolitafuta.

Mapori ya akiba yaliyobaki, kama Rungwa na jirani zake Kizigo na Muhesi upande wa mashariki, yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na yamegawanywa katika vitalu vya uwindaji wa kitalii. Humo mteja hutoka ng'ambo, hulipa kwa dola, na huja kwa simba, nyati au palahala. Kama kuna kanga anayepigwa, anapigwa kwa ajili ya chakula cha jioni kambini. Tuyapite.

Uwindaji wa wenyeji, yaani wa Mtanzania mwenye leseni ndogo, umekuwa ukifanyika hasa katika maeneo ya wazi na baadhi ya mapori tengefu. Hapa ndipo penye jibu lililo karibu zaidi na swali la mzazi wetu. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Leseni hutaja aina ya mnyama, idadi na eneo, na ndege kama kanga na kwale huwa miongoni mwa wanaoombewa. Lakini njia hii haijawahi kuwa na uhakika. Katikati ya muongo wa 2010 ilifungwa kwa miaka kadhaa kisha ikaruhusiwa tena, na mgao wa eneo fulani unaweza kuwa na digidigi mwaka huu na kukosa mwakani. Anayeipata kwa urahisi ni mkazi wa mjini mwenye bunduki iliyosajiliwa, gari na siku za likizo. Anayekaa mita mia tatu kutoka kwa kanga hao kwa kawaida hana hata kimoja kati ya hivyo.

Suala la silaha ndilo linalofunga mlango kwa watoto. Mitego ya waya, mashimo, sumu, mbwa, kurunzi za usiku: vyote vimekatazwa. Gobore la mhunzi wa kijijini, ambalo bado lipo kuliko tunavyokubali kusema, halisajiliki kirahisi, na serikali imetoa vipindi vya msamaha mara kadhaa ili magobore yasalimishwe. Kinachobaki ni bunduki halali, na hiyo ni ya mtu mzima aliyechunguzwa. Kwa maneno mengine, zana zote ambazo mtoto angeweza kuzitumia ni haramu, na iliyo halali hawezi kuigusa. Sioni kosa katika kumzuia mtoto asishike bunduki. Ninaloliona ni kwamba sheria imeiacha bunduki peke yake, halafu ikauita mpango huo uwindaji wa wenyeji.

Kuna njia ya tatu, nayo imetumika chini ya uwezo wake. Sera ya wanyamapori ya 1998 na kanuni za 2002 zilileta maeneo ya hifadhi ya jamii, ambayo wengi wanayajua kwa herufi WMA. Vijiji hutenga sehemu ya ardhi yao, huunda jumuiya, hupewa haki ya matumizi. Tabora ina mawili ya miaka ya mwanzo, Ipole katika Sikonge na Uyumbu katika Urambo, yote yakipakana na mfumo wa Ugalla. Yana askari wanyamapori wa vijiji, yana ramani, yana mikutano na mihtasari. Wazo lilikuwa kwamba mwanakijiji akifaidika na mnyama, atamlinda. Faida iliyofikiriwa ilikuwa fedha za vitalu, na fedha hizo zimekuja kwa kusuasua. Nyama ya halali kwa kaya, kanga wawili kwa sikukuu, haikupewa uzito, ingawa ndiyo faida ambayo mtu anaweza kuishika mkononi.

Kisha kuna ngitili. Katika Shinyanga, na pia kwa wafugaji wa Nzega na Igunga, kaya au kijiji hufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yasimame mpaka kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986 katika nchi iliyokuwa imebaki jangwa, ulifufua desturi hiyo hadi zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa vichaka na miti. Pamoja na majani walirudi wanyama wadogo: sungura, kwale, kanga, nyoka pia. Ngitili haina geti wala mnara wa ulinzi. Ina mwenye nayo anayejulikana kwa jina, na mtoto wa jirani akionekana humo na manati, habari zinafika nyumbani kabla yake. Kwa maoni yangu hakuna ardhi magharibi mwa Tanzania inayofaa zaidi kwa ndege wa kuwindwa kwa kipimo, na hakuna inayotajwa mara chache zaidi katika mijadala ya uwindaji.

Wapinzani wa kulegeza sheria wana hoja, na kubwa kuliko zote ni waya. Chukua waya wa breki ya baiskeli, uufanye tanzi, uufunge kwenye mti unaopindika, uuweke kwenye njia ya nsya. Nsya asipopita atapita mbwa mwitu, au chui, au ndama wa twiga atakayekatwa mguu na kutembea nao ukioza. Tanzi halichagui na halisahau. Mtegaji akiugua wiki mbili, mtego unaendelea kufanya kazi. Sumu ya mashambani ni mbaya zaidi, kwani punje chache zinaua kundi zima la kanga, kisha kunguru, kisha anayekula. Na biashara hugeuza kila kitu. Tangu Rais Magufuli aagize mwaka 2019 kwamba nyamapori iuzwe kihalali, na kanuni za mabucha zikatoka mwaka uliofuata, nyama ya porini ina bei inayojulikana na watu wasiowahi kukanyaga pori. Kijana anayewinda kwa ajili ya bucha hatafuti kanga wawili.

Hoja hizo zote ni dhidi ya waya, sumu na soko. Hazimgusi mtu mzima aliyepewa ruhusa ya ndege watatu akiwa na mwanawe pembeni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na bado kwa miaka mingi baadaye iliendelea kutoa vibali vya kupiga ndege wa kitoweo. Hata nchi iliyoamua kufunga mlango kabisa iliona tofauti kati ya kwale na nyati. Namibia ilipotunga sheria ya hifadhi za jamii mwaka 1996 iliziruhusu jumuiya kuwinda baadhi ya wanyama kwa matumizi yao wenyewe, wakihesabu na kuandika, na nyama kugawanywa kwa kaya. Na hapa hapa kwetu, sheria ya 2009 ina kifungu kuhusu jamii zinazoishi kwa uwindaji wa asili. Wahadzabe wa Yaeda Chini na kandokando ya Ziwa Eyasi, si mbali sana na mpaka wa mashariki wa nchi ya Wanyamwezi, huwapa watoto wa kiume upinde mdogo wakiwa na miaka mitatu hivi, na watoto hao huanza na ndege na panya. Hakuna anayesema Wahadzabe ndio waliowamaliza tembo.

Wakati sheria ikiwa hivi ilivyo, sehemu kubwa ya ujuzi bado inafundishika bila kuua. Wakati mzuri ni Agosti hadi Oktoba, majani yakiwa mafupi na vumbi laini. Nyayo za sungura zinamchanganya mtoto mwanzoni: alama mbili za pamoja ziko mbele na mbili za kufuatana ziko nyuma, na kila anayeanza hudhani miguu ya mbele ndiyo iliyotua mbele. Kumbe sungura akiruka hutanguliza miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kisha miguu ya nyuma huipita na kutua mbele yake. Mtoto akilielewa hilo ataweza kusema mnyama alikuwa akienda upande gani na kama alikuwa na haraka, maana kadiri anavyokimbia ndivyo nafasi kati ya mruko na mruko inavyopanuka. Digidigi huacha choo chake mahali pamoja siku zote, lundo la vipunje vyeusi kwenye mpaka wa eneo lake; ukikuta lundo bichi, wenyewe hawako mbali, na kwa kawaida ni wawili. Kanga huoga vumbi katika vishimo vya mviringo, hutembea kwenda majini kwa mstari, na jioni hulala juu ya mti ule ule mpaka wasumbuliwe. Anayejua mti huo hana haja ya kuzunguka pori zima.

Asali ni shule nyingine, na Tabora haina mshindani katika hilo. Si bure kwamba chuo cha ufugaji nyuki cha nchi kiko hapa. Kumfuata ndege wa asali anayelia na kuruka kutoka mti hadi mti kunadai mambo yale yale ya mwindaji: kunyamaza, kukumbuka njia, kutokata tamaa mapema. Kumfuata ndani ya msitu wa hifadhi kunahitaji kibali cha TFS, wakala wa huduma za misitu. Na mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa Novemba, kumbikumbi hutoka. Huo ndio uwindaji pekee ambao familia nzima hufanya bila leseni, kwa taa na beseni la maji, na mtoto wa miaka mitano hupata sawa na baba yake. Wenye mashamba ya mpunga Igunga wana kazi isiyo na furaha kiasi hicho, ya kuwinga kweleakwelea tangu alfajiri. Mtoto aliyekaa dunguni msimu mmoja anajua tabia za ndege kuliko mtaalamu aliyesoma vitabuni. Ila asile wale waliokufa baada ya ndege ya kunyunyizia dawa kupita.

Kilichokosekana ni hatua ndogo ya kiutawala. Jumuiya za Ipole na Uyumbu tayari zina haki ya matumizi na askari. Ziombe mgao wa ndege pekee, kanga na kwale, kwa ajili ya wakazi, kuanzia Julai ambapo vifaranga vya masika vimeshakua. Kibali kitolewe na jumuiya kwa mtu mzima mwenye silaha halali, kikitaja mtoto atakayefuatana naye. Idadi iwe ya chini mno, iandikwe na askari wa kijiji siku hiyo hiyo, na ada ibaki kijijini. Marufuku ya waya, sumu na kurunzi ibaki ilivyo, na ndege wa kibali asiuzwe. Asiye na bunduki bado hatapata kitu hapo, na hilo linanikera. Lakini jumuiya inaweza kumtuma mwindaji mmoja anayeaminika akawatoa vijana kwa zamu, kama chama cha banunguli kilivyokuwa na mkubwa wake. Baada ya misimu miwili au mitatu daftari litaonyesha kama kanga wanapungua, na ngitili za Nzega zitajua kama zijaribu au ziache.

Mzazi anayesoma haya kabla ya Julai asisubiri yote hayo. Aanzie ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake, kisha ya TAWA iliyo karibu, na aulize mambo matatu: eneo gani la wazi limefunguliwa msimu huu, ndege gani wamo kwenye mgao na kwa ada gani, na kama mtoto asiyeshika silaha anaruhusiwa kuandamana naye. Majibu ya mawili ya kwanza huwa yamebandikwa ukutani au yamo kwenye faili. La tatu litajibiwa kwa mdomo, pengine kwa kicheko. Aombe liandikwe kwenye leseni, kwa sababu askari atakayekutana nao porini si yule aliyecheka ofisini.